Kumwandika mzee aliyeishi miaka 91: tuanzie wapi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Baba yetu alifariki mwaka jana akiwa, kwa mujibu wa hati zake, na umri wa miaka 91. Alizaliwa karibu na Urambo, akaajiriwa reli mwaka 1955, akawa stesheni masta na kuhamishwa mara saba, zikiwemo Kahe na Voi ya Kenya, hadi alipostaafu mwaka 1988 na kurudi Tabora. Hapa nyumbani alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule na, kwa zaidi ya miaka 20, mweka hazina wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Ameacha wake wawili na watoto 11. Msibani tulisoma wasifu wa ukurasa mmoja, na baadaye shangazi akasema, "Mmesoma vizuri, lakini kaka yangu sikumsikia." Aliyemleta ni mtani, aliyevaa koti la reli la marehemu akawa anatembea uani huku akitazama saa, watu walicheka na kulia kwa pamoja. Sasa tunataka kuandika kumbukumbu kamili ya kugawa siku ya hitima ya mwaka. Tuna barua chache, picha moja ya wafanyakazi wa Voi, madaftari matatu ya chama cha kuzikana yenye mwandiko wake, na yupo mzee mmoja huko Kaliua aliyekuwa gadi wa treni enzi zake. Baba mdogo anasisitiza kwamba marehemu alizaliwa mwaka wa nzige, siyo 1933. Mimi ni mtoto wa sita, na ninachokumbuka zaidi ni baba akiamka saa nane usiku kupokea treni ya Kigoma. Tuanzie wapi, tuandike nini na tuache nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni sana wewe, mama zako na ndugu zako wote. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale, kwa yule mtani. Nitaanza naye, kwa kuwa sehemu kubwa ya unachokitafuta yeye alikwisha kukionyesha pale uani.

Wanyamwezi wana watani wengi, kwa sababu wapagazi wao walipita katika nchi za watu wengi wakielekea pwani, na katika safari hizo ukajengeka udugu wa mizaha, wa kupeana hifadhi na wa kuzikana. Msibani mtani huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo na kauli zake, hudai madeni ya uongo na ya kweli, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Tumezoea kuichukulia kazi hiyo kama njia ya kupunguza machozi. Mimi, baada ya miaka mingi ya kusaidia familia kuandika habari za wazee wao, ninaichukulia kuwa wasifu wa kwanza wa marehemu, na mara nyingi ndio ulio sahihi kuliko ule unaosomwa baadaye kwenye kipaza sauti. Tazama alichokichagua mtani wenu. Hakusema kwamba baba yenu alikuwa mtu makini aliyejali muda. Alivaa koti, akatembea, akatazama saa, na mtaa mzima ukamwona mzee wake amesimama tena mbele yake.

Neno wasifu lina asili moja na neno sifa, yote yakitoka katika Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kueleza kitu jinsi kilivyo. Katika Kiswahili sifa imebeba maana mbili: hali ya mtu au kitu, kama tunapotaja sifa za mwombaji wa kazi, na pongezi, kama tunaposema fulani anapenda kusifiwa. Wasifu wa msibani umeegemea maana ya pili mpaka ile ya kwanza imesahaulika. "Alikuwa mcheshi, mchapakazi, mpenda watu, asiye na ubaguzi." Maneno hayo nimeyasikia yakisomwa kwa wazee ambao hawakufanana kwa lolote, na huenda yote yalikuwa ya kweli, lakini hakuna hata mmoja aliyeonekana ndani yake. Shangazi yako alisikia sifa za kaka yake, hakumsikia kaka yake. Kwa hiyo kila mara mtakapotaka kuandika neno la kusifu, jiulizeni mtani angefanya nini mahali hapo, kisha mwandike hicho.

Wewe mwenyewe umekwisha kuanza bila kujua, uliponiambia kuhusu saa nane usiku. Watoto wengi wa wafanyakazi huanza na mwaka wa ajira na kumaliza na mwaka wa kustaafu, na katikati wanaweka orodha ya vituo. Orodha hiyo ni ya lazima, lakini mahali pake ni mwishoni, kama kiambatisho. Mwanzoni andika usiku mmoja. Nitakupa mfano mfupi ambao mengi yake nimeyabuni ili uone umbo tu, nawe utaondoa yangu na kuweka yaliyo kweli:

"Saa nane kasoro robo baba aliamka bila kuamshwa na mtu. Alivaa koti la kazi juu ya fulana ya kulalia, akachukua taa yenye kioo chekundu na cha kijani, akaurudisha mlango taratibu ili tusiamke. Mimi nilikuwa macho. Nilisikia simu ya kuzungusha kwa mkono ikilia ofisini, kisha sauti yake ikitaja namba ya treni mara mbili, polepole, kama anayemsomea mtoto imla. Baadaye kitanda kikaanza kutikisika. Treni iliposimama nilisikia wauza karanga wakikimbilia mabehewa, na juu ya kelele zote nikamsikia akimuuliza mtu, 'Mgonjwa yuko behewa gani?'"

Ona kwamba hakuna mahali palipoandikwa kuwa alikuwa mwajibikaji au mwenye huruma. Msomaji atayasema hayo mwenyewe, na akiyasema yeye atayaamini. Ukiandika kifungu chako, jaribu kujibu maswali ambayo mtoto wa kota za reli anayaweza kuliko mtu mwingine yeyote. Taa yake ilikaa wapi? Nani alimpelekea chai? Treni ikichelewa alikuwa akifanya nini: alirudi kulala, alisoma gazeti, au alizungumza na abiria waliolala kwenye jukwaa? Siku ya ajali au ya njia kusombwa na mvua alirudi nyumbani na uso wa namna gani? Stesheni ndogo ya porini katika miaka ile haikuwa mahali pa treni peke yake. Barua, magazeti, wagonjwa wa kwenda Tabora na habari za misiba vyote vilipita mikononi mwa stesheni masta, na mtu aliyekuwa na ufunguo wa ofisi yenye simu alikuwa, atake asitake, mtumishi wa vijiji vyote vya jirani. Kazi yake na huduma yake kwa jamii zilianzia dirisha lile lile la tiketi, kwa hiyo msizigawe katika sura mbili kana kwamba utumishi wa jamii ulianza alipostaafu.

Katika zile hamisho saba, nakushauri usizipe uzito sawa. Vituo alivyokaa miezi minane na kuondoka bila kisa vitajwe kwa sentensi moja. Voi inahitaji kurasa. Wakati huo reli ilikuwa ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki lenye makao makuu Nairobi, na njia iliyotoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe ilikuwa ya shirika moja. Mfanyakazi wa Kitanganyika aliyepangiwa Voi alikuwa kazini kwake, hakuwa mhamiaji. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, Tanzania ikaunda Shirika lake la Reli, na watu waliokuwa wamezoea kuhamishwa kama kawaida wakajikuta wanarudishwa kwao. Baba yenu alikuwa na umri wa miaka 44 hivi, mwenye familia. Ulizeni waliobeba vyombo ni akina nani na kilichoachwa ni kipi. Ulizeni kama kuna ndugu yenu aliyezaliwa Voi na cheti chake kikamsumbua baadaye, kama kuna mtoto aliyebadili shule katikati ya mwaka, na kama kuna rafiki wa upande ule aliyeendelea kuandikiana naye. Maisha ya mfanyakazi mmoja wa reli yanaweza kumweleza mjukuu mambo ya 1977 kuliko kitabu cha shule, mradi tu mwandishi akae ndani ya chumba alimokuwa mzee na asianze kuhutubia historia ya Jumuiya nzima.

Kuhusu barua kuwa chache, angalieni tena kabla ya kukata tamaa. Madai ya mafao ya waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya yaliendelea hadi miaka ya 2000, na kwa sababu hiyo wazee wengi walitunza kwa uangalifu barua za ajira, za uhamisho na za kupandishwa cheo, kwa kuwa kila ofisi ilidai uthibitisho. Bahasha hiyo mara nyingi haikai pamoja na picha za familia. Hukaa pamoja na karatasi za pensheni, hati ya kiwanja na vyeti vya hospitali, tena huenda ikawa kwa mke mmoja bila mwingine kujua. Ile picha ya Voi igeuzeni. Studio za zamani zilikuwa na desturi ya kupiga mhuri wenye jina la mji nyuma ya picha, na mara nyingine mwenyewe ameandika tarehe. Msiandike juu yake kwa kalamu ya wino. Ipigeni picha kwa simu, muichapishe kubwa, kisha namba za watu ziandikwe kwenye nakala.

Sasa mwaka wa kuzaliwa, ambao naona umewagawa. Baba mdogo, kwa kuwa ni mdogo, hakuiona siku hiyo. Anasimulia alichosimuliwa, na hilo halimfanyi kuwa mwongo. Nzige waliivamia Tanganyika zaidi ya mara moja mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa hiyo "mwaka wa nzige" unaweza kuwa 1930, 1931 au hata huo huo 1933, na huenda mnabishana juu ya jambo ambalo pande zote mbili ziko sahihi. Njia nzuri ya kupima ni kumweka marehemu mbele ya tukio lenye tarehe na kuuliza alikuwa na ukubwa gani. Urambo ina tukio hilo: mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanzia Kongwa mwaka 1947, ukafika Urambo na kuvunjwa mwaka 1951. Je, alipoona matrekta yale mara ya kwanza alikuwa anachunga mbuzi, au alikwenda kuomba kibarua? Je, alikumbuka watu wakirudi kutoka vita vya Keya, yaani Vita Kuu ya Pili, mwaka 1945 na 1946, au alihadithiwa? Tazameni pia tarehe kamili iliyo katika hati zake. Ikiwa ni 1 Januari au 1 Julai, hiyo ni dalili ya tarehe iliyokadiriwa na karani. Kustaafu kwake mwaka 1988 kunaonyesha tu kwamba mwajiri alihesabu miaka 55 kutoka 1933. Hakuthibitishi siku mama yake alipojifungua. Mkishindwa kukubaliana, andikeni: "Hati zake zinasema 1933, wazee wa ukoo walimhesabu kuwa mtoto wa mwaka wa nzige." Kumbukumbu haipungukiwi na kitu kwa kusema hivyo, na mtakuwa mmemheshimu baba mdogo.

Umeandika kwamba ameacha watoto 11. Naomba niulize bila kuwatonesha kidonda: 11 ni walio hai, au ni wote waliozaliwa? Nina sababu ya kuuliza. Mama yangu mzazi alipofariki, mimi ndiye niliyeandika wasifu wake, nami niliandika watoto saba. Jioni ile, wageni walipopungua, dada yake alinishika mkono, akafungua vidole vyake kimoja kimoja na kutaja majina tisa. Wawili walikufa wakiwa wachanga kabla sijazaliwa. Mama aliwahi kunitajia mara moja tu, nami sikuyatilia maanani. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu mia na kuwafuta watoto wawili wa mama yangu kwa sababu sikuuliza. Tangu siku hiyo sijasaidia familia yoyote bila kuanza na orodha ya wote waliozaliwa, kwa mpangilio wa kuzaliwa, chini ya jina la mama yao, na waliotangulia wakiwemo.

Kwa wake wawili, utaratibu ni rahisi kuliko unavyoogopwa. Mke mkubwa atajwe kwanza kwa kuwa aliolewa kwanza, na kila mmoja apewe mwaka wake, mahali alipotoka na kazi aliyoifanya. Neno "kazi" ndilo ninalokuomba ulisisitize. Mtu aliyehamishwa mara saba hakuihamisha familia nzima mara saba. Lazima alikuwepo mtu aliyebaki na shamba, akasubiri mani oda mwisho wa mwezi, na mani oda isipofika akauza mahindi watoto wapate sare za shule. Miaka ambayo baba alikuwa Voi, nani aliyekuwa baba huko Urambo? Kama ukweli ni kwamba kwa baadhi yenu alikuwa mgeni wa likizo, aliyekuja na mkate na blanketi jipya kisha akaondoka, andikeni hivyo kwa adabu. Wapo watakaosoma na kusema mnamvunjia heshima. Mimi nasema kinyume: mzee anayeelezwa kuwa kila siku alikuwa nyumbani na kila siku alikuwa kazini hawezi kusadikiwa na mtoto wake mwenyewe, na mama aliyelea peke yake miaka tisa anakuwa amenyang'anywa miaka hiyo tisa. Mwenye haki ya kueleza sehemu hii ni mama zako wenyewe, kwa sauti zao. Waandikwe walivyosema, bila kusahihishwa Kiswahili chao.

Nimeyaacha madaftari mpaka sasa kwa sababu ndiyo yanayonigusa kuliko yote, na kwa barua yako naona hamjajua mlichonacho. Kamati ya shule inaacha mihtasari, na jina la mwenyekiti linabaki ukutani. Mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana haachi kitu isipokuwa daftari. Humo ndani kuna jina la kila kaya, kiasi ilichotoa, tarehe, aliyefiwa, gharama ya sanda, mbao, nauli ya kumfuata marehemu aliyefia mbali, na chakula cha waliolala matanga. Fungueni daftari la kwanza mezani, watu wawili, mmoja akisoma na mwingine akiandika, na mfanye jambo moja kwanza: hesabuni mazishi. Idadi mtakayoipata mtaihesabu wenyewe kwa mwandiko wake, na itaeleza utumishi wa baba yenu kuliko kivumishi chochote, maana kila mstari ni usiku ambao aliamka kugonga milango ya watu.

Kisha ziangalieni tarehe. Kwa kuwa alirudi mwaka 1988, madaftari hayo huenda yanaanzia miaka ya 1990, wakati ukimwi ulikuwa unaondoa vijana na dawa za kupunguza makali zilikuwa bado. Serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Msishangae mkiona katika miaka hiyo mistari inasongamana, nyumba ile ile ikitajwa mara mbili au tatu katika mwaka mmoja, na michango ikipanda. Hapo ndipo chama kama hicho huelekea kufa, kwa kuwa watoaji ndio hao hao wanaofiwa. Kama chama chenu hakikufa, kuna mtu aliyekishikilia, na ninadhani mnajua ni nani. Hata hivyo msiandike chanzo cha kifo cha mtu yeyote, wala msidokeze.

Angalieni na alama ndogo. Niliwahi kufungua daftari kama hilo la mzee mwingine, ambamo pembeni mwa majina manne paliandikwa herufi moja tu, m, kila mwezi, na nafasi ya malipo ikawa tupu. Wanawe walidhani ni "malipo" na kwamba hesabu ilikuwa na kasoro. Mmoja wao alitaka ukurasa ule usionyeshwe watu. Tulimwonyesha bibi mmoja ambaye jina la mumewe lilikuwa miongoni mwa yale manne. Alilitazama muda mrefu, akasema, "Mgonjwa. Huyu alituandika wagonjwa ili tusidaiwe." Mume wake alikuwa amelala kitandani miaka miwili, na siku alipokufa chama kilimzika kama mwanachama aliyelipa. Mzee yule hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mkewe. Kwa hiyo tafuteni wino uliobadilika, malipo ya watu watatu yaliyoandikwa kwa siku moja kwa kalamu moja, jina lililokatwa kisha likarudishwa. Mkiona alama msiyoielewa, msiikisie, nendeni mkaulize.

Lakini majina ya waliodaiwa yasitoke katika kumbukumbu yenu. Daftari ni mali ya chama na siri za watu, baba yenu aliaminiwa nalo, nanyi mmerithi dhamana hiyo pamoja na karatasi. Andikeni "kaya nne", na inatosha. Pigeni picha kila ukurasa, kisha mkamwone mwenyekiti wa sasa na kumuuliza kama chama kinataka madaftari halisi yarudi.

Kuna jambo linalofanana na hilo upande wa watu. Watoto huhojiana wenyewe kwa wenyewe, wakaandika baba waliyemjua mezani. Huduma haijulikani kwa mtoa huduma, inajulikana kwa aliyehudumiwa, na huyo mara nyingi hajawahi kuingia sebuleni kwenu. Katika madaftari mtapata majina ya kuanzia. Mkienda kwake, msiulize "Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?" kwa sababu atawajibu kwa heshima kwamba alikuwa mtu mzuri, na mtarudi mikono mitupu. Mwombeni awaeleze siku moja aliyokutana naye, ilikuwa saa ngapi, walikaa wapi, baba alisema nini. Wekeni simu irekodi kwa idhini yake, na mkae kimya anapotafuta neno. Mambo mengi hutoka baada ya kimya hicho.

Kuhusu mtakayoacha, sina orodha ndefu. Msiweke mambo ya mirathi: nani alijengewa, kiwanja kipi ni cha nani, nani alipewa ng'ombe. Hata sentensi ya nia njema kwamba "nyumba ile aliijenga kwa ajili ya fulani" inaweza kuja kusomwa barazani kama ushahidi. Makosa yake ya kibinadamu yaliyokwisha kusamehewa yabaki yalipo. Neno marehemu lenyewe maana yake ni aliyerehemewa. Lakini makosa yaliyobadili maisha ya familia, kama vile deni lililowahamisha nyumba, hayawezi kufichwa bila kuacha shimo ambalo kila msomaji wa ukoo atalitumbukia. Yatajwe kwa sentensi moja, bila kulaumu na bila kutetea. Na jihadharini na ukubwa usio wake. Kwa kuwa ni mzee wa Tabora, atatokea ndugu wa kutaka iandikwe kwamba alikuwepo katika mkutano wa TANU wa Januari 1958 uliofanyika hapo mjini, au kwamba aliongoza mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli wa mwaka 1960. Kama alikuwepo, kutakuwa na kadi, picha, au mwenzake wa kuthibitisha. Kama hakuna, iacheni. Mwaka 1958 treni zilihitaji kupokelewa usiku, naye alikuwa akizipokea, nami sioni kwamba hilo ni dogo.

Kurasa 20 zinatosha. Rasimu isomwe kwa sauti mbele ya mama zako wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kabla haijapelekwa kuchapwa, na shangazi yako awepo, kwa kuwa ndiye mwenye sikio. Siku ya hitima msisome kijitabu chote. Mtu mmoja asome kile kifungu cha saa nane usiku, na kama mtani wenu yuko karibu, aalikwe. Nyuma ya kijitabu acheni kurasa mbili tupu, maana wageni watakumbuka mambo wakati wanakula, na wengine wataandika hapo hapo.

Kabla ya yote hayo, hata kabla ya kugusa madaftari, nenda Kaliua. Aliyekuwa gadi wake ana umri unaokaribia wa baba yako, na ndiye pekee uliyemtaja anayejua jinsi alivyoonekana kutoka upande wa treni, akiwa amesimama jukwaani na taa yake. Mchukulie sukari na majani ya chai, msalimie kwa niaba ya mama zako, mpe nakala ile kubwa ya picha ya Voi na penseli, kisha umwombe akutajie majina kuanzia kushoto.